Gari linanuka yai viza likipanda Kitonga: kosa ni la petroli au la masega?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2007, injini ya petroli ya sisi 1500, nililonunua likiwa limetumika. Naishi Iringa, na kila baada ya wiki mbili nashuka Dar es Salaam kufuata mzigo. Wakati wa kurudi, nikianza tu kupanda Kitonga, moshi unatoa harufu ya yai viza mpaka inaingia ndani ya gari. Fundi wa kwanza kasema petroli ya siku hizi mbaya, nitafute ya oktani ya juu au niwe natia kile kichupa cha dawa ya oktani. Fundi wa pili kasema masega ya ekzosi yamekufa, yatolewe, na atayatoa bure. Hivi kweli mafuta yanaweza kubadilisha moshi kiasi hicho? Na kati ya hawa wawili nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Wa kwanza msikilize nusu: mafuta yanahusika, ila dawa anayokupa siyo. Wa pili mshukuru, muage, uondoke na gari lako likiwa na masega yake, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi.

Nianze na harufu yenyewe, kwa sababu umeieleza vizuri kuliko wateja wengi. Inakuja Kitonga, haiji Chalinze wala Mikumi. Hilo peke yake limeshanipa nusu ya jibu.

Kinachonuka ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ileile inayotoka kwenye yai lililoharibika. Salfa yake imetoka kwenye petroli. Mafuta ghafi huchimbwa yakiwa na salfa ndani yake, kiwanda cha kusafisha huiondoa kadiri mwenye kiwanda alivyo tayari kugharamia, na inayobaki tunauziwa pamoja na petroli. Ikiungua ndani ya silinda inageuka salfa dayoksaidi, gesi inayowasha pua lakini hainuki yai. Gesi hiyo inapita kwenye masega. Ukiwa barabara tambarare, mwendo mmoja, mguu umetulia, ndani ya bomba la moshi kuna oksijeni kidogo iliyobaki, na kuta za masega zinaikamata salfa ile na kuiweka akiba. Kutoka Dar mpaka Ruaha Mbuyuni gari lako linakusanya tu. Ukifika Kitonga, na mzigo nyuma, unakanyaga mafuta mpaka chini. Kompyuta ya gari inaongeza petroli ili injini ipate nguvu na isipate joto kupita kiasi. Sasa oksijeni kwenye moshi imekwisha, haidrojeni ipo, na masega yaliyokuwa yameshika salfa yanaiachia yote kwa mkupuo ikiwa imeungana na haidrojeni. Pua ya binadamu inaikamata gesi hiyo hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa. Ndiyo maana unaona kama gari zima limeoza.

Kwa hiyo harufu hiyo inatengenezwa na masega, na masega yaliyokufa kabisa hayawezi kuitengeneza. Fundi wako wa pili akiyatoa leo, kesho utapanda Kitonga hewa safi puani, utampigia simu kumshukuru, na utawasimulia wenzako. Mtego wenyewe uko hapo. Salfa itaendelea kutoka, ila kwa umbo lisilonuka yai. Na pamoja nayo itatoka kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu, haina rangi, wala haiwashi koo. Ni gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Pua yako itakwambia gari limepona siku ileile lilipoanza kuwa hatari zaidi.

Sasa nirudi kwenye swali lako kubwa, kama mafuta yanabadilisha moshi. Yanabadilisha, tena kwa njia mbili, na watu wengi wanaijua moja tu.

Petroli si kitu kimoja kama maji au chumvi. Ni umati wa mamia ya kemikali zilizotengenezwa kwa kaboni na haidrojeni, nyingi zikiwa na kaboni kati ya 4 na 12 katika kila molekuli. Nyingine ni minyororo iliyonyooka, nyingine ina matawi, nyingine ni pete. Petroli mbili zinaweza kufanana rangi, zikafanana bei, zikawa na umati tofauti kabisa ndani. Ukiiunguza barabara, kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, kinachopaswa kutoka ni mvuke wa maji na hewa ukaa tu. Lita moja inatoa karibu kilo 2.3 za hewa ukaa. Watu hunibishia hapo: lita ya petroli haifiki hata kilo moja, hizo kilo mbili na ushee zimetoka wapi? Zimetoka hewani. Kila chembe ya kaboni inabeba oksijeni mbili, na oksijeni ndiyo nzito.

Lakini hakuna injini inayounguza barabara. Mafuta yakizidi hewa, kaboni inakosa oksijeni ya kutosha na inaishia kuwa kaboni monoksaidi. Mafuta yaliyojificha kwenye kona za silinda, kwenye mwanya juu ya ringi za pistoni, au yaliyoganda ukutani wakati injini bado ya baridi, yanatoka bila kuungua. Hayo tunayaita haidrokaboni, na ndiyo ile harufu ya petroli mbichi unayoisikia nyuma ya gari linalowashwa asubuhi. Halafu kuna oksidi za naitrojeni. Hizi hazitoki kwenye petroli hata kidogo. Zinatoka kwenye hewa yenyewe, ambayo karibu asilimia 78 ni naitrojeni: joto la silinda likipanda sana, naitrojeni iliyokuwa imetulia inalazimishwa kuungana na oksijeni. Zikikutana na haidrokaboni chini ya jua zinazaa ozoni ya karibu na ardhi, ile inayokereketa macho na kifua. Arie Haagen-Smit, mkemia wa chuo cha Caltech, ndiye aliyeonyesha hilo huko Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wakazi wa mji ule walikuwa wanatokwa machozi mchana kweupe na hawajui kwa nini.

Njia ya kwanza ya mafuta kubadilisha moshi ni hiyo: yanavyochemka, yanavyoungua, na yanageuka nini yasipoungua. Njia ya pili ni yale yanayoyafanyia masega. Kwa gari kama lako, la pili ni kubwa kuliko la kwanza, na wala si kwa kidogo.

Masega ni jina zuri sana alilolitoa fundi wetu, sijui nani wa kwanza. Ukiyakata unaona kweli sega la nyuki: kigae chenye vitundu vyembamba, mara nyingi kama 400 katika kila inchi moja ya mraba. Kuta za vitundu zimepakwa unga wenye vinyweleo, na juu ya unga huo zimenyunyizwa chembe ndogo za platinamu, paladiamu na rodiamu. Metali hizi haziungui wala hazipungui. Kazi yake ni kuzikutanisha gesi na kuzisuluhisha. Kaboni monoksaidi na haidrokaboni zinapewa oksijeni, oksidi za naitrojeni zinanyang'anywa. Yakiwa na moto, na mchanganyiko wa hewa na mafuta ukiwa sawasawa, masega mazima husafisha zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu. Ila yana masharti kama mganga. Lazima yafike nyuzi 250 mpaka 300 hivi ndipo yaanze kazi, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya haidrokaboni za safari nzima hutoka katika dakika moja au mbili za mwanzo. Na lazima uso wa metali ubaki wazi. Chochote kinachokaa juu ya chembe zile kinaziba mlango.

Salfa inaziba mlango. Mwaka 1989 kampuni za magari na za mafuta za Marekani, ambazo kwa kawaida hurushiana lawama, ziliungana kufanya majaribio makubwa ya pamoja. Walichukua magari ya kisasa ya wakati huo, wakayaendesha kwa petroli yenye salfa sehemu 466 kwa milioni, kisha kwa petroli yenye sehemu 49. Injini hazikuguswa. Haidrokaboni zilishuka kwa asilimia 16, kaboni monoksaidi asilimia 13, oksidi za naitrojeni asilimia 9. Magari yaleyale, masega yaleyale, mafuta tu. Jambo jingine waliloliona linakuhusu: uharibifu wa salfa kwa sehemu kubwa unarudi nyuma. Ukiweka mafuta safi na kuyapa masega moto wa kutosha, salfa inaondoka. Kwa hiyo Kitonga, pamoja na harufu yake, inakusafishia masega bure.

Gari lako lilizaliwa kwenye nchi ambayo tangu 2005 petroli yake ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Ulaya walifika hapo 2009. Sisi Afrika Mashariki tulianza na dizeli: Januari 2015 nchi tano za Jumuiya wakati huo, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zilihamia dizeli ya salfa sehemu 50, na ilikuwa hatua ya kujivunia kwa sababu Kenya, kwa mfano, ilikuwa inatumia ya 500. Kwa petroli tulijiwekea kiwango kilicholegea kuliko cha Japani na Ulaya. Hatuna tena viwanda vya kusafisha mafuta ghafi vinavyofanya kazi. Cha Mombasa kilisimama 2013, cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshasimama kabla ya hapo. Petroli yetu yote inakuja na meli, na ubora wake ni ule tulioandika kwenye mkataba wa kuagiza. Ukiandika salfa sehemu 10 utaletewa sehemu 10, na bei yake. Mimi naona tungeandika.

Salfa lakini ni mgeni mkorofi anayeondoka akifukuzwa. Risasi, ile metali nzito iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, haiondoki. Vijana hamkuikuta, ila sisi wenye mvi tumeivuta miaka mingi. Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley wa maabara ya General Motors kule Dayton, Ohio, aligundua kwamba kemikali moja ya risasi, ikitiwa kidogo tu, inazuia injini kugonga, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Ilikuwa rahisi kutengeneza na ilikuwa na faida. Tatizo lilikuwa kwamba risasi iliganda kwenye vali na plagi, kwa hiyo wakaongeza kemikali ya bromini ili risasi igeuke mvuke na itoke kwenye bomba. Tafakari hapo kidogo: walihakikisha kwa makusudi kwamba injini inabaki safi na risasi yote inakwenda barabarani, kwenye mapafu ya watoto. Iliyokuja kuisimamisha, kwa sehemu kubwa, ilikuwa masega. Magari ya Marekani ya kuanzia 1975 yalipofungwa masega, tangi chache tu za petroli ya risasi zilitosha kuyaua, basi mdomo wa tangi ukafanywa mwembamba ili bomba la petroli ya risasi lisiingie. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imetoka. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Na hapo ndipo oktani inapoingia, ile anayokusifia fundi wa kwanza.

Oktani si usafi, si nguvu, si ubora. Ni uvumilivu. Ni kipimo cha petroli kustahimili kubanwa na kupata joto bila kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Waliochora kipimo walichukua kemikali mbili: isooktani, yenye matawi mengi na mvumilivu, wakaipa 100; na heptani iliyonyooka, inayolipuka haraka, wakaipa 0. Kiwango cha chini cha petroli ya kawaida ya Japani ni oktani 89. Injini ndogo kama yako ilitengenezwa kwa petroli hiyo ya kawaida. Ukiipa 95 au 98 haitajua uifanyie nini. Tena wewe uko Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, silinda inajazwa hewa kidogo, na injini inahitaji oktani ndogo kuliko ikiwa Kariakoo. Kama haisikiki ikigonga, hela ya oktani ya juu nunulia matairi.

Kile kichupa kinaniudhi zaidi. Vingi vyao vinapandisha oktani kwa kemikali ya manganizi. Ikiungua inaacha masizi mekundu ya kutu kwenye plagi, na masizi hayohayo yanakwenda kujipaka mbele ya masega na kwenye sensa ya oksijeni, kile kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari kuna oksijeni kiasi gani kwenye moshi. Ukifungua plagi ukakuta wekundu wa udongo wa kichuguu, ujue umekutana naye. Kwa hiyo dawa ya fundi wa kwanza, ikitumiwa muda mrefu, inaweza kukupeleka kwa fundi wa pili.

Niseme neno juu ya jinsi viwanda vilivyoziba pengo la oktani baada ya risasi kuondoka, kwa sababu hapa kemia yenyewe inatutega. Njia rahisi ilikuwa kuongeza zile kemikali za pete: benzini, toluini, zailini. Zina oktani nzuri sana. Lakini benzini inasababisha saratani ya damu, na pete zote zina kaboni nyingi kwa haidrojeni chache, kwa hiyo zinatoa masizi na zinaungua kwa joto kali linalozaa oksidi za naitrojeni. Ulaya walishusha ukomo wa benzini kutoka asilimia 5 hadi 1 mwaka 2000. Ungedhani ukiondoa benzini yote kwenye petroli, moshi hautakuwa nayo. Utakuwa nayo. Toluini ni pete ya benzini yenye mkia mdogo wa kaboni moja. Ndani ya silinda mkia unakatika na benzini inazaliwa upya. Ndiyo maana wanaoandika viwango huweka ukomo wa benzini, na ukomo wa pete zote kwa pamoja. Mlaji wa kawaida sheli hawezi kuona hata kimoja.

Anachoweza kukiona, au tuseme kukihisi, ni mafuta ya taa. Neno kuchakachua tumelizoea mpaka kwenye kura, lakini sisi wa mafuta lilituuma mapema: mtu ananunua mafuta ya taa kwa bei ya chini, anayamwaga kwenye petroli, anauza yote kwa bei ya petroli. Kwa moshi, hakuna uchafu mbaya kama huo. Petroli huanza kuchemka ikiwa vuguvugu tu na kumalizika kwenye nyuzi 200 na kidogo. Mafuta ya taa ndiyo kwanza yanaanza kwenye nyuzi 150 na kuendelea mpaka karibu 300. Ndani ya silinda hayawahi kugeuka mvuke yote. Matone yanabaki, yanaosha oili ukutani na kushuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mengine yanatoka nusu yameungua kama moshi mweusi unaouma macho. Yana salfa nyingi kuliko petroli. Oktani yake ni ndogo, kwa hiyo injini inagonga ukipanda mlima. Na yale yasiyoungua yanakwenda kuungulia ndani ya masega, ambayo yanapata joto mpaka kigae kinayeyuka na kuziba. Hapo sasa gari linakosa nguvu kweli, na fundi atakuwa na haki ya kusema yamekufa.

Serikali zetu zimepambana nalo kwa njia mbili. Tanzania ilianza 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, kemikali kidogo ya siri ambayo mkaguzi wa EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, anaipima sheli. Ikipungua kuliko inavyotakiwa, kuna kilichoongezwa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchakachua iishe. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Ilisaidia injini. Aliyelipa gharama ni bibi wa kijijini mwenye kibatari, ambaye hakuwahi kumchakachulia mtu.

Juu ya ethanoli, ambayo ni aina ya pombe, nitakupitisha haraka, maana hukuuliza. Brazil wanaichanganya kwa wingi kwenye petroli tangu miaka ya 1970, Malawi tangu 1982. Ina oksijeni ndani yake, zaidi ya theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kwenye pikipiki au gari la kabureta inapunguza kaboni monoksaidi vizuri. Kwenye gari lako sensa ya oksijeni ingeona hewa imezidi, kompyuta ingeongeza mafuta, na faida kubwa ingeyeyuka. Inaongeza pia asetaldihaidi kwenye moshi, na ikitiwa kidogo inafanya petroli iwe nyepesi zaidi kugeuka mvuke. Mvuke nao ni moshi, ingawa haupiti kwenye bomba. Gari lako lina kikopo cha mkaa kinachonyonya mvuke wa tangi na kuurudisha kwenye injini. Ukimwambia kijana wa sheli ajaze mpaka mdomoni baada ya bomba kujikata lenyewe, petroli mbichi inaingia kwenye kikopo na kukiharibu. Acha tabia hiyo kama unayo.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, nikupe kisa kimoja ili usiidharau kemia ya kiasi kidogo. Mwishoni mwa Februari 2007, maelfu ya magari kusini-mashariki mwa Uingereza yalianza kutetemeka, kukosa nguvu na kuwasha taa ya injini, kwa wakati mmoja. Petroli ilipimwa kwa vipimo vya kawaida ikaonekana safi. Baadaye ikagundulika ina silikoni, kiasi kidogo mno ambacho vipimo vile havikuwa vinakitafuta. Silikoni ikiungua inakuwa mchanga laini sana, na mchanga huo ulikuwa umezipaka sensa za oksijeni mpaka zikawa vipofu. Sensa ikipofuka, kompyuta inaweka mafuta kwa kubahatisha, na moshi unaharibika hata kama injini na masega ni vizima.

Hapo ndipo ningeanza na gari lako. Kama harufu inakuja tu ukipanda Kitonga na inakwisha ukishafika Ilula, hiyo ni salfa ya mafuta na masega yanafanya kazi. Badili sheli kwa tangi mbili au tatu mfululizo, ujaze zote Dar sehemu moja yenye mauzo makubwa, uone kama inapungua. Usichanganye na tangi la sheli nyingine katikati, utajichanganya mwenyewe. Kama harufu imeanza kuja hata tambarare, au ulaji wa mafuta umepanda, basi injini inapewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji, na petroli nzuri ya nchi yoyote haitakusaidia. Mara nyingi ni sensa ya oksijeni iliyochoka, gari la 2007 limeshafika umri huo, au nozeli inayovuja.

Tafuta fundi mwenye kompyuta ya kupimia. Injini ikiwa ya moto, akuonyeshe vitu viwili. Kwanza, kompyuta ya gari inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi; ikiwa ndani ya 10 juu au chini, sawa; ikiwa inapunguza kwa 15 au 20, kuna mafuta yanayoingia bila ruhusa. Pili, sensa ya nyuma ya masega: masega mazima yanaifanya itulie, yaliyochoka yanaiacha ichezecheze. Afungue na plagi moja, uitazame mwenyewe. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta mengi; ya kahawia hafifu ni nzuri; nyekundu, nimeshakwambia. Angalia pia kama injini inakula oili, kwa sababu fosforasi iliyomo kwenye oili nayo inaziba masega, na haiondoki kwa moto wa Kitonga.

Huyo wa kuyatoa bure, mkumbushe tu kwamba platinamu, paladiamu na rodiamu zina bei, na wapo wanaozinunua kwa kilo za masega. Kwa lako la sisi 1500 atakuwa amejilipa vizuri.

Ukishapata zile namba mbili na rangi ya plagi, niandikie tena. Uniambie na ulijaza wapi mara ya mwisho, na ulikuwa umebeba mzigo wa kilo ngapi.